Likizo Ndefu ya Mwanachuo: Atangulize Lipi?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, pepo za kusi zikiwa zimekwisha ishika bahari kule kwetu Lamu, ndipo vyuo vikuu vingi vya Kenya vinapofunga kwa likizo ndefu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huiita likizo ya kiangazi, kwani kwao ndio wakati wa joto. Hapa Nairobi mambo ni kinyume. Ni miezi ya baridi na mawingu, na mwanafunzi aliyetoka pwani, aliyezoea kulala kifua wazi, hununua sweta la mitumba kabla hajanunua kalamu.

Likizo hiyo huendelea hadi Agosti au Septemba. Ukiihesabu ni miezi mitatu na ushei, na ndani ya miezi hiyo mwanafunzi hutakiwa kufanya mambo matatu kwa wakati mmoja: atafute pesa, asome alichoshindwa, na aende kwenye mafunzo ya kazini ambayo chuo kimemlazimisha, yale ambayo vijana wenyewe huyaita atachimenti. Mtu mmoja, miguu miwili, njia tatu.

Nawaomba wasomaji wangu wa pwani walione jambo moja ambalo walioipanga kalenda hii pengine hawakulifikiria. Miezi ya kusi ndiyo miezi ya dhiki kwetu. Bahari huchafuka, mashua ndogo haziendi mbali, na mvuvi hurudi na kitoweo cha nyumbani kwake tu. Hoteli za watalii nazo, baina ya Aprili na Juni, huwa zimekwisha punguza wafanyakazi. Basi mzazi wa pwani mkono wake huwa mtupu katika miezi ile ile ambayo mtoto wake aliyeko Nairobi anampigia simu kuomba nauli, chakula na kodi ya chumba. Mzazi hasemi hana. Husema, "Ngoja kidogo, mwanangu," na mtoto mwenye akili hufahamu.

Mimi ni mkazi wa Shauri Moyo, mtaa ambao pamoja na Pumwani ulipokea wengi wa waliovunjiwa nyumba zao za Pangani ya kale katika miaka ya 1938 na 1939. Kutoka mlangoni pangu naisikia adhana ya Pumwani, na nyundo za mafundi wa Kamukunji hunifikia kabla sijamaliza chai. Ukitoka saa kumi na mbili unusu asubuhi mwezi wa Juni ukasimama kando ya barabara ya Jogoo, utawaona vijana wa makundi mawili. Wapo waliovaa mashati meupe na viatu vilivyopigwa rangi, mkononi wameshika bahasha ya kaki. Hao wanakwenda mjini na eneo la viwanda, wengi kwa miguu kutoka Makadara, Jericho, hata Kayole. Na wapo waliovaa makoti makuukuu, wanaokwenda Gikomba kubeba marobota ya nguo, ama wanaokwenda mjengo, yaani kazi ya kibarua cha ujenzi. Kwa muda mrefu nilidhani wa bahasha ndio wasomi, na wa makoti makuukuu ni walioshindwa na shule. Nilikosea. Wengi wao ni wanafunzi wa darasa moja, na tofauti yao ni nani ana mtu wa kumlipia nauli.

Kosa langu halikuwa la kudhani tu. Lilimgharimu mtu, na mtu mwenyewe ni mpwa wangu.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu, baba yake ni mvuvi, naye anasomea uhandisi wa mitambo. Alipofika mwisho wa mwaka wa pili likizo ilimkuta na mizigo yote mitatu. Alikuwa ameanguka somo moja la hisabati, na mtihani wa marudio, ambao wao huuita sapu, ulipangwa mwezi wa Agosti. Alidaiwa karo. Na alitakiwa alete daftari la mafunzo lililotiwa saini na msimamizi. Mwenyewe alikuwa amekwisha pata kazi Gikomba kwa mfanyabiashara wa mitumba: kufungua robota alfajiri, kuchagua nguo, kuzitundika, na kuuza hadi alasiri, kwa shilingi 600 kwa siku. Akanijia usiku mmoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata kazi. Naomba radhi zako nianze kesho. Jioni nitasoma hisabati, na atachimenti nitaifanya mwakani, chuo kinaruhusu."

Mpango mzuri, ukiutazama leo. Mimi siku ile niliona aibu. Nilikuwa na mtu ninayefahamiana naye katika ofisi moja kubwa ya mjini, jengo refu lenye vioo, nami nilikuwa nimekwisha jigamba barazani baada ya sala ya isha kwamba mpwa wangu ataingia pale. Nikamwambia, "Hukuja Nairobi kuuza suruali kuukuu." Maneno hayo niliyatamka mimi, ambaye suruali niliyoivaa wakati ule ilitoka huko huko Gikomba.

Akatii. Mtoto wa kwetu humtii mjomba wake. Akaenda ofisini wiki kumi na mbili bila ya kulipwa hata senti. Nauli na chakula cha mchana vilikula karibu shilingi 300 kwa siku, na mwezi wa kwanza nilimpa mimi. Mwezi wa pili nilimpa nusu, kwa kuwa mwandishi wa makala hulipwa kwa makala, na makala hayaandikwi kila siku. Mwezi wa tatu alikwenda kwa miguu na kushinda na njaa, wala hakuniambia. Na kule ofisini alifanya nini mhandisi wetu? Alitoa nakala za karatasi. Alipeleka chai. Mhadhiri wake alipokuja kumkagua alimkuta akihesabu bahasha, na akaandika katika daftari kwamba kazi ile haihusiani na masomo yake. Agosti ilipofika, hisabati ilimwangusha tena kwa sababu jioni alikuwa amechoka, na karo haikuwapo kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Akapoteza mwaka. Dada yangu hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Basi nilipokaa kuandika makala haya sikutaka kuwapa vijana nasaha za mtu aliyekaa kitini. Nimeyapima upya, nami nina maoni, mtu ayakubali au ayakatae.

Mimi sikupita chuo kikuu. Chuo nilichokijua utotoni ni kile cha maalim, tukiandika juu ya ubao na kupeleka ada yetu siku ya Alhamisi, na likizo yetu ilikuwa kutoka Alhamisi adhuhuri hadi Jumamosi. Nilipohitimu nikatiwa kwa fundi seremala. Huo ulikuwa uanagenzi, na sisi tulikuwa wanagenzi. Miezi ya mwanzo sikuguswa patasi. Nilikusanya makapi ya randa, nilishika upande wa pili wa ubao, niliteka maji. Hapana aliyenilipa mshahara. Lakini saa sita mchana mke wa fundi alileta sinia, nami nilikula katika sinia hiyo hiyo pamoja na fundi. Idi ilipokuja nilishonewa kanzu. Na siku nilipokosea kipimo nikaharibu ubao wa mninga, ubao ule ulikuwa wa fundi, hasara ilikuwa yake, na alinionyesha pale pale nilipokosea.

Ndiyo maana nasema kwamba haya yanayoitwa atachimenti leo, kwa namna yanavyoendeshwa mahali pengi, si uanagenzi. Uanagenzi wa wazee haukulipa, lakini ulilisha, na ulifundisha. Ofisi ya leo hailipi, hailishi, na mara nyingi haifundishi. Baadhi ya mahali hata humtaka mwanafunzi ndiye alipe ili aruhusiwe kuingia, na aje na bima yake mwenyewe. Kijana wa Lavington ambaye baba yake humshusha kwa gari mlangoni atayamudu hayo. Kijana wa Dandora au wa Mbotela hawezi, na huko kutoweza kwake huandikwa katika daftari kama uvivu.

Sisemi mafunzo ya kazini hayana maana. Chuo kikiyalazimisha lazima yafanywe, la sivyo hapana shahada. Ninalosema ni kwamba katika likizo ndefu mwanafunzi asiye na kitu atangulize kile kisichorudi. Mtihani wa marudio una tarehe yake, ukipita umepita, na nyuma yake kuna mwaka mzima. Hilo liwe la kwanza, japo kwa saa moja na nusu kila siku baada ya sala ya alfajiri, wakati mitaa hii bado imetulia na akili haijachakazwa na msongamano wa matatu. Baada ya hapo riziki na karo. Mafunzo ya kazini yana mwaka wake katika mtaala, na vyuo vingi huruhusu yasogezwe kidogo. Yakifika zamu yake yasifanywe kwa kukurupuka. Mwanafunzi anayeanza kupeleka barua mwezi wa Mei amechelewa, kwa kuwa nafasi chache zilizopo huwa zimekwisha chukuliwa tangu Januari na Februari.

Na akubaliwapo mahali aulize swali moja ambalo mimi sikumfundisha mpwa wangu kuliuliza: nitashika nini kwa mikono yangu? Akijibiwa kwa maneno makubwa yasiyotaja chombo wala kazi, ajue ni bahasha na chai.

Hapa wapo watakaoniambia kwamba jina la ofisi kubwa hufaa baadaye katika kutafuta kazi. Huenda. Lakini nimekaa Eastlands muda wa kutosha kujua kwamba mhandisi aliyeshika chuma hupata kazi hata kama barua yake haina nembo ya kung'aa. Twende Kamukunji tukaone. Pale pana mafundi wanaofua masanduku, karai, toroli na yale majiko ya makaa yenye udongo ndani yaliyoenea tangu miaka ya themanini. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ikaujulisha ulimwengu kwamba watu hawa waliodhaniwa kuwa hawana kazi wanafanya kazi, tena kazi ngumu, ila hawahesabiwi. Mwaka 1985 Rais Moi alikwenda akawaona wakifua chuma chini ya jua, na baadaye wakajengewa mabanda. Jina la jua kali likaingia katika vitabu vya serikali. Lakini vyuo vyetu, miaka yote hii, bado huona haya kumpeleka mwanafunzi wa uhandisi kwa fundi wa Kamukunji, ati kwa kuwa fundi hana karatasi yenye anwani juu.

Mwaka uliofuata mpwa wangu alikwenda kwao mwenyewe. Sikumshika mkono, alinipita mimi pamoja na ujomba wangu. Alimkuta fundi mmoja wa kuchomelea, Mkamba, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Fundi alimwambia atamlipa kwa kila kipande kilichotoka sawa, na kilichoharibika hakilipwi. Wiki ya kwanza alipata pesa kidogo sana. Wiki ya sita alikuwa anapata zaidi ya zile shilingi 600 za Gikomba. Chuo kilisita kulikubali daftari lake, kikataka mhuri, ukatafutwa mhuri wa chama cha mafundi. Mhadhiri alipokuja safari hii alimkuta ameinama juu ya mashine ya kukunja bati, uso umejaa masizi, na walizungumza muda mrefu juu ya unene wa bati na mahali linapopasuka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kama mpita njia. Sikufahamu nusu ya yaliyosemwa, nami nilifurahi kwa kutoyafahamu.

Nisije nikasifu kila kazi inayolipa. Katika mitaa hii kuna kazi nyingine ya wanafunzi ambayo haionekani barabarani kwa sababu hufanywa usiku chumbani mbele ya kompyuta. Wanafunzi wa Uingereza na Marekani wasiotaka kuandika insha zao huwalipa vijana wa Nairobi wawaandikie. Ni biashara kubwa, na inajulikana. Namfahamu binti wa jirani mmoja, hodari wa kalamu kupindukia, ambaye likizo moja aliwaandikia Wazungu insha za historia, za uuguzi na za sheria, akamlipia mama yake kodi ya miezi minne. Yeye mwenyewe akarudi chuoni hajafungua kitabu chake. Nilimuuliza kama dhamiri haimsuti. Akanijibu kwa upole, "Baba, wao watapata vyeti kwa elimu yangu, nami nimepata kodi kwa ujinga wao. Nani kamdhulumu nani?" Sikuwa na jawabu la haraka. Ninalo sasa, ingawa amekwisha hama mtaa. Ni udanganyifu, na pesa ya udanganyifu haitakati kwa kulipia kodi. Tena mwenye kudhulumiwa zaidi ni yeye, kwa sababu saa zake bora za usiku zimekwenda kumsomesha mtoto wa mtu mwingine. Hata hivyo namlaumu kidogo kuliko ninavyozilaumu ofisi za hapa kwetu, ambazo kipaji kama kile kingebisha hodi zingempa kazi ya kupanga mafaili bila ya nauli.

Nchi hii si kwamba haifahamu. Iko Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, makao yake yako hapo hapo eneo la viwanda, na mwajiri hutakiwa kuchangia shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi aliye naye kwa ajili ya mafunzo. Maana yake sheria imekwisha kubali kwamba kufundisha kuna gharama, na kwamba mwajiri ana fungu lake katika gharama hiyo. Lakini ni vigumu kushikilia neno hilo kwa mwenye kampuni ndogo wakati serikali yenyewe, mwaka 2024, ilivutana na madaktari wanagenzi ikitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi pahala pa 206,000 zilizokuwa katika makubaliano ya 2017. Ule mgomo uliendelea tangu Machi hadi Mei. Wale walikuwa na chama cha kuwasemea. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hana chama, ana mjomba tu, na mjomba mwenyewe mmemsikia.

Kwa hiyo nageukia kwetu. Sisi Waislamu tuna matajiri, wala si wachache: wa Eastleigh wenye maduka ya ghorofa, wa Mombasa wenye magari ya mizigo na maghala, wa Lamu na Malindi wenye nyumba za wageni. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kujenga elimu ya kazi. Ile taasisi ya ufundi ya Waislamu ya Mombasa, iliyofunguliwa katika miaka ya hamsini mwanzoni, ilichangiwa na Aga Khan, Sultani wa Unguja na Mabohora, na ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972 na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Walichanga kwa ajili ya watoto wasio wao. Leo mwezi wa Ramadhani tunafuturisha misikiti kwa mamia ya sahani, Mungu atulipe, na mwezi huo huo kijana wa uhasibu huja dukani kuomba akae na vitabu vya hesabu miezi mitatu, akaambiwa hapana nafasi, tena akiambiwa na mtu ambaye vitabu vyake vya hesabu vimefungwa kwa kamba ya katani na havijafunguliwa tangu mwaka juzi.

Simwombi tajiri mshahara kwa mwanafunzi. Naomba sinia. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na mtu mmoja mwenye subira wa kumwonyesha alipokosea. Nauli na chakula nimekwisha zitaja bei yake juu, kwa sababu nilizitoa mimi na zikanishinda: shilingi 300 kwa siku. Duka linalouza vitambaa kwa jora haliwezi kushindwa na hizo. Na sote tuliokaa mbele ya maalim tunajua tumeusiwa nini juu ya jasho la mfanya kazi na ujira wake, sina haja ya kuwakumbusha.

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa mwisho. Likizo hii amekuja na mwenzake, kijana wa Faza, anayesomea umeme, mnyamavu, wanalala katika chumba changu cha mbele. Amekwisha peleka barua kumi na moja tangu Februari na majibu aliyopata ni mawili, yote ya kukataa. Asubuhi anasoma, mchana anabeba marobota Gikomba pahala pa zamani pa mpwa wangu. Anataka mahali pa kufunga nyaya, popote kutoka Kariobangi hadi eneo la viwanda, na yuko tayari kuanza Jumatatu yoyote. Mwenye nafasi aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Kama ana sinia la mchana alitaje katika barua, nami nitajua ni mtu wa kwetu.